Kutoka Uvungu wa Paja hadi Pia ya Goti: Uhakiki wa Majina ya Mifupa, Maungio na Misuli katika Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna Kiswahili kinavyotaja mifupa, maungio na misuli ya mwili wa binadamu. Yanadai kwamba udhaifu wa istilahi za anatomia hautokani hasa na uchache wa maneno. Unatokana na maneno machache, yaani kiungo, mshipa na nyama, kuachwa yabebe dhana nyingi bila kugawiwa kazi. Na unatokana pia na mazoea ya waundaji istilahi ya kusaka nomino huku vitenzi, ambavyo ndivyo hazina kubwa ya lugha katika uwanja huu, vikiachwa nje. Mifano imetolewa katika kamusi, tafsiri za vitabu vitakatifu, lugha ya michezo na usemi wa kila siku.

1.0 Utangulizi

Mtu mzima wa kawaida ana mifupa 206. Mingi huja kwa jozi, kwa hiyo hata anatomia yenyewe haihitaji majina 206. Lakini hakuna lugha ya mazungumzo inayoukaribia wingi wa majina ambayo daktari hulazimika kuyakariri. Jambo hili lingestahili kukumbukwa kila mjadala wa kufundisha tiba kwa Kiswahili unapozuka, maana hoja ya kwanza huwa ileile: lugha haina maneno. Kiswahili hulinganishwa na Kilatini cha vitabuni, si na Kiingereza cha sokoni, kisha huhukumiwa kwa kutofanana nacho.

Kilatini chenyewe kilipata wapi majina yake? Mfupa wa mtulinga uliitwa clavicula, yaani kifunguo kidogo. Kifuniko cha goti kiliitwa patella, kisahani. Pelvis ni beseni. Acetabulum, tundu ambamo kichwa cha mfupa wa paja huingia, ni kikombe cha siki. Tibia ni jina ambalo Warumi walilitumia pia kwa filimbi, na musculus, asili ya jina la msuli katika lugha nyingi za Ulaya, ni kipanya. Haya ni maneno ya jikoni na ya ngomani. Hayakuwa ya kisayansi yalipozaliwa. Yalifanywa kuwa ya kisayansi na watu waliokubaliana kuyatumia kwa maana moja isiyoyumba. Mtaalamu anayeona kwamba pia ya goti ni usemi wa kitoto na kwamba patela ndiyo istilahi, amesahau kwamba amebadilisha mchezo wa watoto kwa chombo cha mezani.

2.0 Mifupa na picha zake

Kiswahili nacho hutaja mifupa kwa kuifananisha. Uti ni kitu kirefu kilichonyooka, shina au mlingoti; uti wa mgongo ni mti unaoshikilia jengo. Mti huo umegawanyika kwa pingili, kama muwa au mwanzi. Kifundo ni fundo dogo. Fuvu halitengani na kifuu cha nazi, kitu kigumu kilichobaki baada ya kilichomo kutolewa. Nyuma ya muundi kuna shavu la mguu, na hapa picha imehamishwa kutoka sehemu moja ya mwili kwenda nyingine, kwani kilicho laini na kilichotuna usoni kimeonekana tena chini ya goti. Kamusi za zamani zimehifadhi pia kigasha kwa mkono kuanzia kiwiko hadi kiganja, na kilegesambwa kwa kifuniko cha goti. Yote mawili leo ni nadra kuyasikia nje ya kurasa zake.

Si kila picha ina thamani sawa, na mhakiki anapaswa kuzipima moja moja. Pia ya goti ni sahihi kuliko inavyodhaniwa. Mfupa huo si wa mviringo kama kisahani. Una umbo linalokaribia pembetatu, upana ukiwa juu na ncha ikielekea chini, sawasawa na pia iliyosimama juu ya ncha yake. Mguu ukinyooshwa na misuli ikilegezwa, mfupa huo huchezacheza chini ya vidole. Aliyeuita pia aliuona umbo na akauona mwendo. Warumi, kwa upande huu, waliona umbo tu, na hata hilo hawakulipata vizuri.

Pingili nayo ni neno lenye faida kubwa, kwa sababu mwanafunzi anapolisikia anajua mambo matatu kabla hajafundishwa: kwamba kitu hicho ni kimoja kati ya vingi vinavyofuatana, kwamba kila kimoja kinafanana na jirani yake bila kuwa sawa naye, na kwamba mahali vinapokutana ndipo penye mashaka. Pingili za shingo ni 7, za sehemu ya mbavu ni 12, za kiuno ni 5. Zinazofuata chini yake zimeungana. Kati ya pingili na pingili, ukiacha mbili za juu kabisa, pana sahani ya gegedu. Gegedu ni neno linalojulikana na kila aliyewahi kutafuna ncha ya mfupa wa kuku, na limeingia katika vitabu vya sayansi bila vurugu yoyote. Inashangaza basi kwamba bado kuna maandishi yanayoliacha pingili na kukimbilia vetebra, kama kwamba neno likieleweka mno hupoteza hadhi.

Uti wa mgongo, kwa upande mwingine, una kasoro ya kweli. Usemi huu hutaja safu ya mifupa. Lakini katika homa ya uti wa mgongo hutaja kitu kingine kabisa, kwa kuwa homa hiyo ni uvimbe wa utando unaouzunguka ubongo na mshipa mkuu wa fahamu ulio ndani ya safu hiyo. Mifupa haihusiki. Mama anayeambiwa kwamba mwanawe ana homa ya uti wa mgongo huelekeza mawazo kwenye mgongo, ilhali hatari iko kichwani pia. Hapa lugha haikukosa neno. Ilikuwa na ugwe, yaani uzi au kamba nyembamba, ambalo lingeweza kutengwa kwa kilicho ndani ya uti. Picha nzuri iliachwa ifanye kazi mbili, na kazi ya pili ndiyo inayoua.

3.0 Vitabu vitakatifu kama vitabu vya anatomia

Kabla ya kamati za istilahi, walioshurutika kutaja sehemu za ndani za mwili kwa Kiswahili cha kuandikwa walikuwa wafasiri wa maandiko. Biblia ya Muungano ya 1952 ina mahali pawili panapostahili kusomwa na kila mwanaistilahi wa tiba.

Pa kwanza ni sura ya 32 ya Mwanzo, Yakobo anaposhindana usiku kucha na mtu asiyemjua na kuguswa kwenye nyonga. Wafasiri walipaita mahali hapo uvungu wa paja. Uvungu ni nafasi iliyo wazi chini ya kitu, kama chini ya kitanda. Kwa hakika tundu la nyonga halipo chini ya chochote. Limeelekea ubavuni na kukishika kichwa cha mfupa wa paja kama kiganja kinavyoshika chungwa, na Kiebrania kwenye aya hiyo hutumia neno ambalo maana yake ya kawaida ni kitanga cha mkono. Wafasiri walifuata wazo la uwazi badala ya wazo la kushika. Uchaguzi huo unaweza kulaumiwa. Lakini usemi walioupata ni mfupi, unatamkika, na kwa zaidi ya miaka 70 umesomwa makanisani na watu ambao hawajawahi kufungua kitabu cha tiba. Ni jina tayari la tundu la nyonga, na wataalamu wamelipita njiani kama jiwe.

Kilicho bora zaidi katika aya hiyo ni kitenzi. Uvungu wa paja la Yakobo haukuvunjika, uliteguka. Teguka ni zao la tega na kiambishi cha kutendua: mtego hutegwa na kuteguliwa, kitendawili hutegwa na kuteguliwa. Kwa msemaji wa Kiswahili, basi, ungio la mwili ni kitu kilichotegwa mahali pake. Limewekwa kwa namna ya kukaa tayari, na linaweza kufyatuka bila sehemu yake yoyote kukatika. Hakuna fasili ya ungio lililohama ambayo ingekuwa sahihi zaidi kwa maneno machache hivyo. Lugha hutofautisha pia kuvunjika, ambako ni kwa mfupa, na kushtuka, ambako ni kwa ungio lililotikisika bila kuhama. Kasoro iliyopo ni kwamba teguka hubeba kuhama kwa mifupa na vilevile kuchanika kwa vishikizi vyake, mambo ambayo tabibu hutibu kwa njia tofauti.

Pa pili ni bonde la mifupa mikavu katika sura ya 37 ya Ezekieli. Pale mwili hujengwa upya hatua kwa hatua, na mpangilio wake ni mpangilio wa anatomia hasa: mifupa, vifungo vyake, kinachoijaza, ngozi. Vifungo vimeitwa mishipa, na kinachojaza kimeitwa nyama. Tafsiri za Kurani nazo, ikiwamo ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy iliyochapishwa mwaka 1969, zinapoeleza kuumbwa kwa mtoto tumboni katika sura ya Al-Mu'minun, huivika mifupa nyama. Mila mbili za tafsiri, zenye lugha chanzi tofauti, zimekutana kwenye neno nyama. Hazikutumia msuli.

4.0 Nyama, msuli na mahali pa nguvu

Makutano hayo yana maana. Katika Kiswahili cha kawaida, kinachofunika mfupa ni nyama, na sehemu yake nene isiyo na mfupa ni mnofu. Mchinjaji na mpishi hujua minofu kwa mahali pake, lakini hawaigawi kwa kazi inayofanywa na mnyama alipokuwa hai. Msuli, ambalo kwa bahati ni jina pia la vazi la kiume la pwani, limeshika katika maandishi ya shule na mazoezi. Kwenye mazungumzo halijaiondoa nyama. Kurasa za michezo, ambazo pengine ndizo chombo kinachoeneza zaidi maneno ya anatomia kwa umma, huandika kwamba mchezaji ameumia nyama za paja. Hukosoa matumizi haya ni rahisi, na huwa ni kukosea shabaha: mwandishi wa michezo anaeleweka na kila msomaji wake, na ametaja kwa usahihi ni tishu gani iliyoumia na iko wapi. Anachokosa ni njia ya kusema ni nyama ipi kati ya zilizo mbele na zilizo nyuma ya paja, ingawa maneno mbele na nyuma hayajawahi kuadimika.

Nahau zinaonyesha tofauti nyingine. Kutunisha misuli kumeenea magazetini kwa maana ya kuonyesha nguvu, lakini nahau zilizozama zaidi katika lugha haziziweki nguvu kwenye msuli. Asiyeweza jambo hana ubavu nalo. Wanaoshindana hupimana ubavu. Dhuluma hutumia mabavu. Nguvu imekaa kwenye mbavu, yaani kwenye mfupa na kwenye upande wa mwili unaokabili mzigo au mpinzani wa mieleka. Nazo methali hupenda mfupa kuliko nyama: ulimi hauna mfupa, na mfupa uliomshinda fisi hauachiwi mbwa. Mfupa ni kile kinachokataa, na ulimi unalaumiwa kwa sababu haukatai kitu. Mwanafasihi atakayefuatilia jambo hili katika ushairi wa pwani atapata kazi ya kutosha. Hapa inatosha kusema kwamba msuli umeingia katika lugha kama istilahi kabla haujaingia kama taswira, na ndiyo maana bado unaning'inia.

5.0 Kutenda na kutendua

Msuli huvuta tu, hausukumi. Kiwiko hukunjwa na msuli wa mbele ya mkono wa juu, na hauwezi kunyooshwa na msuli huohuo: lazima kuwe na mwingine upande wa nyuma unaovuta kinyume. Kwa hiyo misuli ya maungio hufanya kazi kwa makundi yanayopingana. Kanuni hii, ambayo walimu hutumia michoro mingi kuifundisha, imo ndani ya sarufi ya Kiswahili. Kunja na kunjua. Fumba na fumbua. Funga na fungua. Kiambishi cha kutendua hakikanushi tendo, kwa maana asiyekunja si lazima awe anakunjua. Huleta tendo jingine kamili linalorudisha hali ya kwanza, na tendo hilo huhitaji nguvu yake lenyewe. Huo ndio uhusiano wa msuli na mpinzani wake.

Anatomia ya Kilatini ililielewa hili. Misuli mingi imepewa majina ya utendaji yaliyotolewa kwenye vitenzi: flexor, extensor, levator, rotator. Kiswahili kingeweza kufuata njia hiyo bila kukopa hata herufi moja: msuli wa kukunja kiwiko, msuli wa kukunjua kiwiko, msuli wa kuinua bega, msuli wa kufumba jicho. Majina haya ni marefu, na waundaji istilahi wanayo haki ya kudai ufupi. Lakini yana sifa ambayo mkopo hauna: mgonjwa akiambiwa kwamba msuli wa kukunjua kiwiko umechanika, anajua papo hapo ni tendo gani limempotea. Mkabala huu hauwezi kutumika kote, kwa sababu lugha haikupanga jozi zake kwa ajili ya daktari. Pinda haina mwenzake katika pindua, ambako maana imekwenda mbali. Na kaza hutenguliwa na legeza, mzizi mwingine kabisa. Hata hivyo kamusi za istilahi zimepangwa kana kwamba elimu ya mwili ni orodha ya vitu. Vitenzi vimeachwa kwa waganga wa mifupa na makocha, nao wanavitumia kila siku.

6.0 Kiungo na mshipa

Neno linaloumiza zaidi ni kiungo, lililotokana na unga. Kwa asili yake ni kile kiunganishacho, na maana hiyo imesalia vizuri katika soka, ambako kiungo huunganisha walinzi na washambuliaji. (Jikoni, viungo vya mchuzi ni habari nyingine, na havimpotoshi mtu.) Katika mwili, kiungo ni goti, ni mguu mzima pia, kama katika ulemavu wa viungo, na ni ini au figo, kama katika viungo vya ndani. Mgonjwa anayesema viungo vinamuuma huenda anataja magoti na vidole, au mwili wote. Hati ya kuchangia viungo inahusu figo, lakini mtu asiyezoea lugha ya hospitali ana haki ya kufikiri kwamba ataombwa mkono. Ogani limekwishatolewa kwa ini na figo na linastahili kushikiliwa. Kwa mahali mifupa miwili inapokutana, ungio, wingi wake maungio, ni umbo linalojieleza lenyewe, na lina undugu na maungo, jina la zamani la mwili. Kiungo lingebaki kwa mkono, mguu na sehemu za mwili kwa jumla.

Mshipa umebeba hata zaidi. Kamusi ya Johnson ya 1939 ilikwisha kuliorodhesha kwa mirija ya damu, kwa neva na kwa maradhi yanayohusishwa nayo, likiwamo la ngiri; na Ezekieli wa Kiswahili amelitumia kwa vifungo vya mifupa. Kinachounganisha maana hizi ni umbo: chochote chembamba na kirefu kilicho chini ya ngozi. Viambatanisho vimesaidia kwa kiasi. Mshipa wa damu na mshipa wa fahamu ni istilahi nzuri, na huu wa pili umeenea, kiasi kwamba Taasisi ya Mifupa Muhimbili huutumia inapoueleza umma huduma zake. Mshipa usio na kiambatanisho ndio wa hatari. Mtu akisema mshipa wa mguu umekatika, mganga hawezi kujua kama ni wa kufungwa kwa haraka usimwage damu, au ni kano ya kisigino. Kano ingekuwa jibu, ila nayo hutajwa kwa kifungo cha msuli na mfupa na kwa kifungo cha mfupa na mfupa. Ligamenti limekopwa kwa hiki cha pili. Mkopo huu, tofauti na patela, una sababu, kwani unaziba pengo lililopo.

Mambo haya yangekuwa ya kamusi tu kama si mpangilio wa elimu. Katika shule za serikali za Tanzania sayansi hufundishwa kwa Kiswahili katika elimu ya msingi, kisha kwa Kiingereza kuanzia sekondari. Maneno ya mifupa na maungio yanayofundishwa hayapati nafasi ya kukomaa. Huachwa kabla mwanafunzi hajafika kwenye kano. Anayeendelea hadi udaktari hujifunza mwili kwa lugha moja, kisha huuchunguza kwa nyingine, akiwa na msamiati wa darasa la saba mbele ya mgonjwa anayetakiwa kutia saini kwamba ameelewa upasuaji.

7.0 Mfano wa kiwiko

Hayo yote yasichukuliwe kuwa utetezi wa kila neno la zamani. Kiwiko ni onyo. Vitabu vya shule na lugha ya leo hulitumia kwa ungio lililo katikati ya mkono, mahali ambapo wengine husema kisugudi au kivi. Kamusi za zamani zililitumia kwa kifundo cha mkono, na hata cha mguu. Kuvunjika mahali hapa patatu ni mambo matatu yasiyofanana kwa tiba, kwa muda wa kupona na kwa madhara yanayoweza kubaki. Kwenye viwanja vya mpira mguu umeshapata jina lake la kukopa, enka, ambalo hakuna kamati iliyoliomba, nalo halikosewi na mtu. Kivi halina maana nyingine ya mwili inayoshindana nayo, ni fupi, na kisugudi linaeleweka Kenya. Kamusi ya tiba itakayochagua kiwiko kwa sababu ndilo linalojulikana zaidi italazimika kusema, katika kidahizo hichohicho, ni kiwiko cha wapi. Na itakayochagua kivi italazimika kuwashawishi walimu kwanza.